Vinywa vya Mabinti Wawili

Pale Madibira, ukivuka mfereji mkuu na kuyaacha mashamba ya mpunga nyuma yako, utafika kwenye kitongoji cha wafugaji ambako nyumba zimekaa mbalimbali, kila moja na zizi lake. Humo anaishi mwanamke aitwaye Minza, binti Budeba. Wachache humwita kwa jina hilo. Wengi humwita Mama Sola, kwa ajili ya taa zake za umeme wa jua.

Wazazi wake walitoka Meatu na mifugo yao yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, wakashuka hadi bonde la Usangu, wakabaki. Shule aliishia darasa la tatu. Aliolewa na Ngolo, akazaa, akalima, akakamua, na mpaka anatimiza miaka arobaini alikuwa hajavuka Iringa. Ndipo likaja shirika moja kutafuta mwanamke wa makamo, asiye na elimu kubwa, aende India miezi sita akajifunze umeme wa jua, kisha arudi kuwasha taa kwenye nyumba ambazo nguzo za umeme zilikuwa hazijazifikia. Wanawake kumi na mmoja walijitokeza. Kikao kilichukua siku nzima, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama wakamchagua Minza kwa sababu, alisema mzee Paulo, mwenyekiti wa kitongoji, "huyu hajawahi kutuangusha."

Minza akaenda, akarudi na cheti, akawasha nyumba arobaini na tatu. Watu wa redio walikuja kutoka Mbeya kumhoji. Wanawake walijifungua chini ya taa zake badala ya koroboi. Wenye taa wakaunda kikundi, wakamfanya mwenyekiti wao. Na kila aliposhukuriwa, Minza aliinamisha kichwa. Watu wakasema, tazama unyenyekevu wa huyu mama, mafanikio yote hayo na bado hana majivuno.

Haukuwa unyenyekevu.

Kule chuoni, kwenye nchi kame yenye joto la kuchoma nyayo, walikuwa wanawake thelathini kutoka mataifa mengi, na hawakuwa na lugha moja. Walifundishwa kwa rangi na kwa vidole. Nyekundu walijifunza kuiita *lal*, nyeusi *kala*. Chumbani Minza alipangwa na mwanamke mfupi, mwenye mashavu mekundu yaliyopasuka kwa baridi ya kwao, jina lake Diskit. Alikuwa Mhindi kwa uraia, lakini sura yake, lugha yake na dini yake vilikuwa vya milimani, Ladakh, kaskazini kabisa, ambako watu wengi hufuata mafundisho ya Buda. Naye alichaguliwa na watu wa mji wake, Sharnup, ili arudi na taa za nyumba kumi na mbili zilizokuwa ng'ambo ya kijito, mahali umeme ulipokuwa haufiki.

Mwezi wa pili Minza alishikwa na homa kali. Kwa siku tatu Diskit hakwenda darasani. Alikaa kando ya kitanda akikamua kitambaa cha maji, akimlisha uji wa mchele kwa kijiko, mkono mwingine ukisogeza shanga za sala moja baada ya nyingine. Minza alipopata nafuu, alijaribu kumshukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma. Diskit alicheka tu, akampiga kofi dogo begani kama mtu anayemwambia, "Acha hayo."

Kisa chenyewe kilitokea mwezi wa tano. Siku hiyo zamu ya kufunga karakana ilikuwa ya Diskit. Alikagua meza zote, akafunga, akaja chumbani na ufunguo. Minza akakumbuka kanga yake ameisahau ndani. Akaomba ufunguo kwa ishara, akapewa. Alipoingia karakana akaiona kanga, akaiona pia kazi yake mezani, kontrola ya chaji, kile kifaa cha kulinda betri, aliyoilehemu mchana, na waya mmoja umeachia. Kesho yake walikuwa wanapimwa. Akachomeka chuma cha kulehemia, akasubiri kipate moto, akaurudisha ule waya. Kengele ya chakula ikalia. Akachukua kanga, akafunga mlango, akakimbia. Chuma akakiacha kimechomekwa, kimelala juu ya karatasi.

Moto haukuua mtu. Uliteketeza meza mbili, kontrola kumi na tisa ambazo wanawake walikuwa wamezitengeneza kwa majuma, na sehemu ya dari. Asubuhi msimamizi aliwapanga wote uani akiwa ameshika daftari la zamu. Alieleza kwa mkalimani kwamba aliyehusika atarudishwa kwao. Kisha akauliza nani alikuwa wa mwisho kutoka. Daftari lilisema Diskit.

Diskit aliomba dakika moja. Akamvuta Minza pembeni, akashika chuma ambacho hakikuwepo mkononi mwake, akatoa sauti ya "sss" kama risasi inapoyeyuka, akamwelekezea Minza kidole na kuinua nyusi. Swali lilikuwa wazi. *Ulipoingia, ulikiwasha?*

Minza akakiona kile kikao cha Madibira, mzee Paulo na fimbo yake, wale wanawake kumi walioachwa. Akatikisa kichwa. Hapana.

Diskit akamwamini. Akarudi mbele ya msimamizi, akasema kwamba huenda yeye ndiye hakukagua vizuri. Kesho yake alipanda basi na sanduku lake la bati. Cheti hakupata, na taa za Sharnup zikafutwa. Kabla ya kuondoka alimkumbatia Minza. Kumbatio lile Minza alirudi nalo Tanzania, na halikumwachia.

Miaka ikapita minne. Alijitetea kwa njia zote. Alijiambia, mbona Wahindi wakikubali hutikisa kichwa huku na huku? Pengine Diskit alidhani nimesema ndiyo, akaamua mwenyewe kunibebea. Lakini utetezi huo ulikuwa kama nyumba ya udongo mwezi wa tatu. Kila asubuhi aliukuta umebomoka upande mmoja.

Mtu wa kwanza ambaye Minza alimwambia siri hiyo alikuwa Rukia wa Igawa. Rukia ana duka la betri, nyaya na balbu barabarani, pale mabasi yanaposimama. Babu yake alitokea Bagamoyo. Minza alikuwa akinunua fyuzi kwake, na wakazoeana hadi kutembeleana. Siku moja ya mfungo, duka likiwa halina mteja, Minza alijikuta anasema yote huku anachezea kipande cha waya.

Rukia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada Minza," akasema, "sisi tumefundishwa hivi. Ukimkosea Mungu, piga magoti kwake, yeye ni mwingi wa kusamehe. Ukimkosea mja wake, Mungu anakuambia nenda kwanza kwa uliyemkosea. Mimi siwezi kukusamehe badala yake. Na mchungaji wako naye hawezi."

"Yuko mbali, Rukia. Yuko milimani, mwisho wa dunia."

"Mbona ulipokuwa unatafuta cheti hapakuwa mbali?"

Minza alikasirika, akaondoka bila fyuzi. Alirudi baada ya juma moja.

Nafasi ilijitokeza mwaka huo huo. Chuo kiliwaalika wahitimu wa zamani wakutane India kwa juma moja, nauli ikilipwa na chuo. Kutoka pale kwenda Ladakh ingekuwa juu yake. Akamwendea Ngolo zizini na kumwomba wauze ng'ombe wawili. Kwa Msukuma hilo si jambo la kusemwa umesimama, kwa hiyo alikaa.

"Mama Prisca," Ngolo akasema, "ng'ombe wawili kwenda kumsalimia mtu?"

"Alinihudumia nilipokuwa naumwa."

"Hilo ulishanisimulia. Sasa mbona unalia?"

"Moshi."

Ngolo akatazama huku na huku. Hapakuwa na moto wowote karibu. Hakuuliza tena, akawachagua wale wawili.

Mipango yote aliifanya binti yao Prisca, aliyekuwa anasomea ualimu chuo kikuu Iringa. Alimtafuta binti wa Diskit kwenye simu, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Angmo, wakaandikiana kwa Kiingereza. Prisca alifurahi sana. Aliona ni jambo la kupendeza, mama yake mfugaji wa Usangu kwenda kumtembelea rafiki kwenye mji wa Wabudha milimani. Minza alimwacha afurahi.

Basi mwezi wa nane, mpunga ukiwa umeshavunwa, Minza alipanda basi Igawa. Mkutano wa wahitimu ukapita, hakukumbuka hata nusu yake. Ndege ndogo ikampeleka Leh, mji mkubwa wa Ladakh, akaamriwa apumzike siku mbili ili mwili uzoee hewa nyembamba. Siku ya tatu, alfajiri, akapanda gari na kupanda milima mpaka jioni. Ilikuwa milima isiyo na mti hata mmoja, ya kahawia na zambarau, mingine na theluji kileleni katikati ya kiangazi. Minza, aliyezoea kuiona ile ya Mbeya na kuiita mirefu, alikaa kichwa kinamgonga. Kila kwenye kona ya hatari palifungwa vibendera vya sala, vya buluu, vyeupe, vyekundu, vya kijani na vya manjano, vikipigwa na upepo. Dereva alipita kila penye vibendera akiguna maneno mawili matatu. Minza naye aliomba, lakini sala yake ilikuwa ya ajabu. Alimwomba Mungu gari liharibike.

Halikuharibika. Sharnup ulikuwa mji mdogo uliong'ang'ania ubavu wa mlima, nyumba nyeupe zenye paa bapa zikipandana kama ngazi, na juu kabisa nyumba ya watawa imekaa ukingoni kana kwamba ingeanguka mtu akipiga chafya. Diskit alikuwa amesimama barabarani na majirani kama ishirini. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe. Alimkimbilia Minza, akamvika shingoni kitambaa cheupe cha hariri, wanavyowavika wageni wa heshima, akamshika uso kwa mikono miwili.

"*Julley!*" akasema. "*Julley, julley!*" Kwao ni neno moja la salamu, la asante na la kuagana.

Minza akainamisha kichwa.

Siku mbili alipokelewa kama malkia. Walimpa chai ya siagi na chumvi, ambayo ulimi wake uliikubali kama mchuzi, si kama chai. Walimpeleka kuona ng'ombe wao wenye manyoya mpaka magotini, na hapo kidogo akacheka, akawapapasa, akawafungua midomo kuangalia meno kama baba yake alivyomfundisha, na wanaume wa Sharnup wakatazamana kwa heshima. Walipanda pamoja kwenda nyumba ya watawa. Njiani kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe, kila jiwe limechongwa maneno ya sala, na Diskit akamvuta mkono taratibu ili wapite upande wa kushoto, kwa kuwa ukuta ule huachwa mkono wa kulia. Ndani, taa za siagi ziliwaka mbele ya sanamu kubwa ya Buda, macho yake yamefumbwa nusu. Minza ni mwanakwaya wa kanisani kwake, hakujua asimame vipi humo, na hakupiga magoti. Lakini hakuweza kuutazama uso ule uliotulia.

Uani palisimama pipa kubwa la shaba kwenye mhimili, ndani limejazwa karatasi za sala. Ukilizungusha, ni kama umezisoma zote. Diskit alilishika, akaanza kuzunguka nalo. Alizunguka na kuzunguka huku vidole vikihesabu shanga, mpaka Minza akachoka kusimama, akakaa.

Angmo aliona mgeni anashangaa. Akaandika kitu kwenye simu, na waliporudi nyumbani, kwenye mtandao, sauti ya Prisca ikaingia: "Mama, Angmo anasema mama yake huzungusha lile pipa mara mia moja na nane kila siku, tangu aliporudi kutoka chuoni. Anasema ni kwa ajili ya karakana aliyoiunguza. Anaomba asamehewe uzembe wake. Maskini, mama. Hata kama alikosea, miaka minne yote?"

Minza alisikiliza ujumbe ule mara tatu. Kwa miaka minne alikuwa amejiandaa kumkuta mtu mwenye hasira, au mtu aliyejua kila kitu akanyamaza. Hakuwa amejiandaa kumkuta mtu anayelipia kosa lisilo lake, kila siku, kwa miguu yake.

Kesho yake mchana, Diskit alikuwa juu ya paa akigeuza aprikoti zilizoanikwa, matunda madogo ya rangi ya chungwa. Paa lile ndilo lilikuwa mahali pekee pa nyumba penye mtandao mzuri. Minza akapanda ngazi, akamwita na Angmo. Akampigia Prisca, akaweka sauti kubwa, simu akailaza juu ya kikapu kilichofudikizwa.

Prisca alikuwa Ilula, kwenye mazoezi ya kufundisha, amesimama nje ya darasa. Nyuma ya sauti yake zilisikika kelele za wauza nyanya wakiliita basi.

"Mama, shikamoo! Kuna nini?"

"Marahaba. Prisca, nataka unitafsirie kwa Angmo, naye amwambie mama yake. Nitasema kidogo kidogo. Usipunguze, usiongeze."

"Sawa, mama."

"Mwambie, chuma kilichounguza karakana nilikiwasha mimi."

Muuza nyanya mmoja alisikika akitaja bei.

"Mama, sijasikia vizuri."

"Umesikia. Niliporudi kuchukua kanga, nilikichomeka, nikakiacha. Aliponiuliza, nikakataa. Nikamwacha afukuzwe. Sema."

"Mama... mimi niyaseme hayo?"

"Sina mdomo mwingine, mwanangu."

Prisca alianza kusema kwa Kiingereza, sauti yake imekuwa ndogo kama ya mtoto. Angmo alikuwa ameinama juu ya simu, anatabasamu bado, tayari kupeleka maneno mazuri ya mgeni. Minza alilitazama tabasamu lile likiondoka. Angmo alimtazama Minza, akaitazama simu, akauliza kitu, Prisca akarudia. Kisha Angmo akasimama, akaenda ukingoni mwa paa, akawapa mgongo.

Diskit akamwuliza binti yake jambo. Hakujibiwa. Akamwuliza tena, kwa sauti ya mama anayetaka jibu. Angmo akageuka, macho yamejaa maji, akamwambia kwa lugha yao. Hayakuwa maneno mengi.

Diskit aliweka chini sinia ya aprikoti. Hakupiga kelele. Alijifuta mikono kwenye vazi lake, kidole kimoja kimoja, akashuka ngazi.

Minza alibaki amekaa juani. Simu ilikuwa bado hewani. Alimsikia Prisca anapumua, na hakuna kati yao aliyekata. Angmo naye hakuondoka. Wakakaa hivyo watatu, mmoja akiwa Ilula, mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni.

Diskit alirudi. Hakukaa. Alisema sentensi moja, Angmo akaipeleka, Prisca akaileta:

"Mama, anauliza: siku ile alipokuuliza kwa ishara, ulimwelewa?"

Hapo palikuwa na mlango. Minza aliuona wazi kabisa. Angeweza kusema, sikuelewa vizuri, lugha ilikuwa shida. Nani angebisha? Ule utetezi wake wa miaka minne, wa vichwa vya Wahindi, ulikuja wenyewe mpaka kwenye ulimi.

"Mwambie nilimwelewa," akasema. "Nilimwelewa vizuri sana."

Jibu lilipofika, Diskit alifumba macho kidogo. Kisha akasema maneno marefu zaidi, bila kumtazama Minza.

"Anasema," Prisca akaleta, "yeye ni mtu mmoja tu. Wale wa nyumba kumi na mbili walimlaumu, na wengine hawajamsalimia mpaka leo. Anasema nao wayasikie."

Wakaitwa asubuhi iliyofuata. Kwa kuwa mtandao ulikuwa juu ya paa, Minza alisimama huko na simu, na watu wakasimama uani wamenyanyua nyuso, wazee kwa vijana, kila mmoja amejifunga dhidi ya upepo. Alisema tena. Prisca akasema tena, safari hii bila kukatika. Angmo akapaza sauti kama anavyofanya darasani. Chini, bibi mmoja aliyekuwa akiishi na koroboi alitema mate pembeni na kuondoka. Mzee mmoja akauliza mgeni ametoka mbali kiasi gani kuja kusema hayo, na alipoambiwa, akatikisa kichwa, Minza hakujua kwa maana gani. Watu wawili walimwendea Diskit, wakamshika mikono, wakasema naye kwa sauti ya chini. Mmoja wao alikuwa analia.

Minza alikuwa aondoke siku hiyo. Hakuondoka. Kwenye stoo ya shule kulikuwa na taa za jua za zamani, zilizoletwa na wasafiri miaka ya nyuma, zikafa, zikatupwa. Aliomba koleo, nyaya na chuma cha kulehemia, akakaa sakafuni, akaanza kuzifungua. Baada ya saa moja Diskit aliingia. Alivuta kigoda, akakaa upande wa pili wa rundo.

Walifanya kazi siku mbili bila mazungumzo. "*Lal*," Diskit alisema, na Minza akampa waya mwekundu. "*Kala*." Mikono ya Diskit haikuwa imesahau kitu. Alilehemu safi kuliko Minza, kama zamani. Taa tisa zilikubali kuwaka. Nane walizipeleka ng'ambo ya kijito. Ya tisa Diskit mwenyewe aliipeleka kwa yule bibi aliyetema mate, na Minza akasubiri nje ya ua.

Siku ya kuagana hapakuwa na majirani wala kitambaa cheupe. Diskit alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampa mfuko wa aprikoti kavu. "*Julley*," akasema. Hakumkumbatia. Minza alijua kwamba hana haki ya kuliomba kumbatio, akapanda gari.

Barua kwa chuo iliandikwa na Prisca, Minza akatia sahihi yake iliyopinda. Waliomba Diskit arudishiwe jina lake. Majibu yalichukua miezi minne, na yalikuja baridi lakini ya haki: Diskit aliitwa amalizie mwezi uliobaki, akapewa cheti, na vifaa vya nyumba kumi na mbili vikarudishwa kwenye orodha. Kuhusu Minza walisema tu kwamba wamepokea maelezo yake na hawatamwalika tena.

Madibira nako hakuficha. Aliitisha kikao cha kikundi, akasimama, akasimulia. Mzee Paulo alikaa muda mrefu akichora chini kwa fimbo.

"Kwa hiyo ulituletea taa kwa mgongo wa mwenzako," akasema mwishowe.

"Ndiyo, baba."

Wakamtoa kwenye uenyekiti, wakamweka mwanakikundi mwenzake, Evarista. Wengine walisema ni haki, wengine walisema jambo la India liishie India. Taa zikiharibika bado wanamwita yeye, maana hakuna mwingine anayejua, naye huenda saa yoyote. Ngolo hakumlaumu mbele za watu. Alisema mara moja tu, wakiwa wawili: "Ungeniambia zizini pale, ningetoa hata watatu."

Aliyekuwa mgumu ni Prisca. Baada ya siku ile ya paa alimaliza kazi ya barua, kisha akaacha kupiga simu. Krismasi alikuja nyumbani, akasalimia, akasaidia kazi, na hakusema. Siku ya tatu walikuwa uani wakipepeta mchele.

"Mama," Prisca akasema, "siku ile ulinifanya nimwambie mtoto wa mtu kwamba mama yake alionewa, na aliyemwonea ni mama yangu. Nilisikia pumzi yake ilivyokatika. Wewe hukuisikia kama mimi, maana ilikuja sikioni mwangu."

"Najua."

"Hukuniuliza kama naweza. Ulinificha mpaka tuko hewani."

Minza aliweka ungo chini. Alikuwa amevuka bahari kuungama kosa moja, na njiani akatenda lingine kwa mtoto wake mwenyewe, bila hata kuliona.

"Niliogopa ungekataa," akasema. "Nilikutumia, mwanangu. Nisamehe."

Prisca alichagua chuya mbili tatu, akazitupia kuku.

"Huwa tunaandikiana, mimi na Angmo," akasema baadaye. "Mwanzoni alikuwa ananitukania wewe, nikawa sijui nimjibu nini, nikawa nasoma tu. Siku hizi tunaongea mambo ya wanafunzi. Anauliza kama mwakani anaweza kuja kuona mpunga unavyopandwa."

"Umemjibu nini?"

"Nimesema namwuliza mama."

"Mwambie aje." Minza akasita. "Na mama yake? Amesema chochote?"

"Hajamtaja."

Minza akaitikia kwa kichwa, akauchukua ungo, akaendelea kupepeta.